Usivue Dagaa kwa Mwezi Mpevu: Namna ya Kusubiri Majibu ya Mawakala wa Riwaya

Usiku wa kwanza nilituma barua kumi na tisa kwa mkupuo, zote kwa mawakala wa fasihi wa London na New York, yaani watu wanaomuuzia mwandishi riwaya yake kwa wachapishaji, kuanzia saa mbili hadi bando lilipokaribia kukata. Jibu la kwanza liliingia kabla sijalala. Wakala alinieleza kwa upole kwamba nimemwita kwa jina la mtu mwingine, na kwamba riwaya yenyewe haimfai. Miezi minne iliyofuata nilifundisha Kidato cha Pili simu ikiwa mfukoni, imewekwa mtetemo. Ikitetemeka, moyo unaruka; naitoa, kumbe ni tangazo la bando.

Naishi Igombe, Mwanza, karibu na mwalo wa wavuvi, upande wa Ilemela. Jirani yangu ni mzee mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Alikuwa akiniona usiku nimekaa barazani, mwanga wa simu usoni, mpaka siku moja akauliza kulikoni. Nikamweleza yote. Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe unavua na mwezi mpevu."

Kwa asiyejua: dagaa wa ziwa letu, Victoria, huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako. Basi siku hizo mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanaziba nyufa za mbao kwa pamba, wanalala majumbani kwao. Hakuna anayekaa ufukweni kulililia ziwa. Wanajua giza litarudi lini.

Mimi sikujua lolote litakuja lini, na ndiyo maana nilikuwa silali. Haya yanayofuata ni ratiba niliyojitengenezea baada ya mazungumzo yale.

1. Jiulize kama unamhitaji wakala

Kama riwaya yako ni ya Kiswahili, wakala wa London si mtu wako. Hapa kwetu wachapishaji hupokea miswada moja kwa moja kutoka kwa mwandishi. Zipo pia tuzo zinazopokea miswada ambayo haijachapwa: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, na Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.

Wakala anahitajika pale ulipoandika kwa Kiingereza na unawalenga wachapishaji wakubwa wa Uingereza au Marekani, ambao wengi wao hawapokei muswada usiopita kwa wakala. Yeye ndiye anayeuuza muswada na kujadili mkataba. Malipo yake ni asilimia, kwa kawaida 15 ya mauzo ya nchini kwake na 20 ya mauzo ya nje, tena baada ya kuuza. Anayekuomba ada ya kusoma muswada, ada ya usajili au ada ya kitu chochote kabla hajauza ni tapeli, hata akikusifia kurasa tatu nzima. Hasa akikusifia kurasa tatu nzima.

Nimeanza hapa kwa sababu nina mwenzangu aliyetuma muswada wa Kiswahili kwa mawakala wa Marekani mwaka mzima, kisha akaamua kwamba hana kipaji. Alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba ambayo hawaisikii lugha yake.

2. Maliza kwanza, ndipo utume

Hii ni fupi. Riwaya iwe imekamilika yote, imesomwa na watu wawili watatu wasiokuonea haya. Kwa riwaya ya kwanza ya watu wazima, maneno 80,000 hadi 100,000 hayamshtui wakala yeyote. Andaa barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili unaotaja hata mwisho wa hadithi, na kurasa za mwanzo. Mawakala wa Uingereza mara nyingi huomba sura tatu. Wa Marekani huweza kuomba kurasa tano au kumi tu, tena wengi wanataka uzibandike ndani ya barua pepe kwa sababu hawafungui viambatisho. Kila mmoja ana maelekezo yake kwenye tovuti. Yafuate hata kama unaona ni ya kijinga.

Jina la wakala lisome kwa sauti kabla ya kutuma. Nimeshakueleza yaliyonikuta.

3. Nunua kaunta buku

Unaweza kutumia kompyuta, lakini mimi nilitaka kitu ninachoweza kukifunga na kukiweka kabatini. Chora safu tano: jina la wakala, tarehe uliyotuma, ulichotuma, tarehe ya kuhesabu kimya kuwa hapana, na jibu.

Dawa iko kwenye safu ya nne. Mawakala wengi hutaja muda wao wa kujibu, mara nyingi kati ya wiki sita na kumi na mbili, na wengine wanasema wazi kwamba usiposikia kitu mpaka hapo, ujue hawakuitaka. Ukiiandika tarehe hiyo siku ileile unapotuma, uamuzi umeshatoka kichwani na kukaa kwenye karatasi. Haijafika, hakuna cha kuwaza. Imepita, unachukua rula unapiga mstari. Asiyetaja muda mimi humpa wiki kumi na mbili. Kama anaruhusu kuuliziwa, ulizia mara moja, sentensi mbili, basi.

Kalamu iwe ya bluu. Nilianza na nyekundu, ukurasa wa kwanza ukafanana na daftari la mwanafunzi aliyefeli, nikaitupa.

4. Tuma kwa mafungu, kwenye giza

Tengeneza orodha ya mawakala kama thelathini wanaochukua aina yako ya riwaya, kisha wagawe mafungu ya watu sita sita. Kila fungu liwe mchanganyiko: wawili unaowaota usiku, wanne wa kawaida. Usiwamalize unaowaota kwenye fungu la kwanza. Wakala akishaukataa muswada, kwa desturi humrudishii tena muswada uleule, labda uwe umeufumua na kuuandika upya. Zile barua kumi na tisa za usiku mmoja zilinifungia milango kumi na tisa kwa kosa lilelile.

Na usijione mwizi kwa kutuma kwa watu sita kwa wakati mmoja. Ni kawaida yao, ila pale wakala anaposema anataka asome peke yake.

Mimi hutuma fungu moja wiki ya giza, halafu naacha mwezi uandame mara mbili kabla ya fungu jingine. Kufikia hapo huwa nimepata majibu ya kutosha kuona tatizo liko wapi. Wote sita wakikaa kimya au wakinitumia lile jibu la kila mtu, naitazama barua yangu na kurasa za mwanzo. Wakiomba muswada mzima kisha wakaukataa, barua haina shida. Tatizo liko mbele, na mara nyingi ni katikati ya hadithi, ambako mwandishi huchoka akadhani msomaji haoni. Hizo ndizo nyavu za kushona wakati wa mbalamwezi. Siku hizo situmi kitu na siingii tovuti ya wakala yeyote. Mitumbwi iko mchangani.

Kuna majira pia. Agosti na nusu ya pili ya Desemba ofisi zao hupoa. Machi kuna maonyesho ya vitabu ya London, Oktoba yale ya Frankfurt, na wakala mwenye kazi huwa mbioni. Si mwiko kutuma nyakati hizo, ila ukituma, usianze kutafsiri kimya.

5. Itoe barua pepe kwenye simu

Hesabu saa. New York ikiwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi jioni au kumi na moja, kutegemea msimu wao wa kubadili saa. Siku yao ya kazi inaisha kwetu ikiwa saa sita au saba usiku. London wanaanza kwetu ikiwa saa tano au sita mchana, wanafunga saa moja au mbili usiku. Maana yake, ukikesha na simu umekaa mlangoni mwa ofisi ya watu wakiwa kazini, unahesabu nani anaingia na nani anatoka.

Fungua anwani ya barua pepe ya kazi hii tu, isiwe kwenye simu. Iangalie mara moja kwa siku. Nilijaribu asubuhi kabla ya kwenda shule, nikaacha, maana Kidato cha Pili ndio walioilipia. Nilijaribu usiku, nikawa nalala saa tisa. Sasa ni saa kumi na moja jioni, siku za kazi tu, nikiwa nimeshakula. Jumamosi na Jumapili siifungui; na wao wamefunga.

Kama mkono bado unatetemeka, mpe mtu akufungulie. Mdogo wangu ana neno la siri la anwani ile. Tumekubaliana maneno matatu: "hapana", "wameomba", "swali". Ananitajia moja, nasoma barua yenyewe nikiwa tayari. Zipo ambazo nilizisoma baada ya wiki, na hakuna kilichoharibika.

6. Jifunze kuisoma "hapana"

Jibu la kila mtu huwa na sentensi tatu nne za adabu: asante, nimeisoma, haikunigusa vya kutosha, nakutakia heri. Hiyo ni fomu. Niliwahi kutumia mwisho wa wiki mzima kuchambua maneno "kwa sasa" kwenye jibu kama hilo, nikijiuliza kama ni ahadi. Haikuwa ahadi. Yamo kwenye barua ya kila mtu, ni kama "karibu tena" iliyoandikwa mlangoni mwa duka.

Jibu linalomtaja mhusika wako kwa jina au tukio fulani ni jambo jingine: mtu amesoma. Nakili sentensi hiyo nyuma ya kaunta buku. Usikimbilie kurekebisha. Subiri mtu wa pili aseme kitu kilekile, maana mawakala nao hupingana. Mmoja aliniambia mwanzo wangu unakwenda taratibu mno, mwingine akaniambia hapati nafasi ya kupumua.

Wakiomba kurasa zaidi au muswada mzima, tuma siku hiyo au kesho yake, kisha andika tarehe ya miezi mitatu mbele. Kusubiri huku ndiko kugumu kuliko kote, kwa sababu sasa kuna tumaini. Na ukikataliwa baada ya mtu kusoma riwaya nzima, kunauma tofauti. Sioni haja ya kujifanya. Nilipokataliwa hivyo mara ya kwanza nilishuka mwaloni nikanunua sato mkubwa wa kukaanga, nikamla peke yangu kwa ugali, sikumwambia mtu. Tangu hapo ni desturi. Fomu ni chai ya tangawizi. Riwaya nzima ni sato.

Usimjibu wakala ili kubishana naye. Andika barua ya hasira ukitaka, kwenye karatasi, ukawashie jiko.

7. Andaa sentensi moja kwa ajili ya ndugu

Kama kuna kitu kilinikondesha kuliko mawakala, ni swali la mama: "Kitabu kimefika wapi?" Anauliza kwa upendo, ndiyo maana linauma. Alishawatangazia kanisani. Kisha shangazi akadakia, "Wazungu bado hawajajibu? Kwani huna mtu pale?"

Huna mtu pale. Nililifikiria swali hilo siku nyingi. Sisi tumezoea kwamba jambo likikwama, ni kwa sababu hujampata mtu wa kukushika mkono. Kwa hiyo kila "hapana" ilinifikia mara mbili: kwanza kama mwandishi asiyefaa, pili kama mtu asiye na mtu. Ilinichukua muda kukubali kwamba kwenye hiyo mirundo ya barua wengi hatuna mtu, na kwamba hata wenye mtu hukataliwa.

Nikatunga sentensi moja: "Kipo kwenye foleni, nikiitwa nitawaambia." Foleni kila mtu anaijua, ameshakaa kwenye mabenchi ya hospitali. Mama akanyamaza, na siku hizi yeye ndiye anayewajibu wengine kwa sentensi hiyo.

Idadi ya barua zilizokataliwa usiwaambie wanaokupenda sana. Wewe utasahau, wao wataibeba. Chagua watu wawili wa kuambiwa ukweli, mmoja anayeandika na mmoja asiyeandika. Anayeandika ataelewa, asiyeandika atakukumbusha kwamba leo ni siku ya soko. Makundi ya waandishi ya WhatsApp yana heri yake, ila mimi nilijitoa kwenye moja ambako kila Ijumaa mtu alitangaza ushindi. Nilikuwa naandika "hongera" huku nimeuma meno.

8. Utazame mwili

Kukosa usingizi siku mbili baada ya kukataliwa ni jambo la kawaida. Ikifika wiki mbili hulali, huli, hutaki watu, shule au kazi inakuponyoka, hiyo si hasira ya mwandishi tena. Nenda kamwone daktari. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza ina idara ya afya ya akili. Na ukianza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Hakuna riwaya yenye bei hiyo.

9. Anza kazi nyingine

Kila anayeandika kandokando ya ziwa hili atatajiwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa ikiwa na tarehe ya 1980, naye akafariki 1981. Watu husimulia kisa hiki ili kukutia moyo. Mimi kinanitia hasira; miaka 35 ni mingi mno kwa mtu yeyote. Ninachokichukua kwake ni kile alichofanya mlango ulipogoma kufunguka: alikaa chini akaifanya kazi upya kwa lugha nyingine. (Kisiwa kilekile kikatupa waandishi wengine, Kezilahabi, na pia Ruhumbika, ambaye ndiye aliyeipeleka riwaya ya Kitereza kwenye Kiingereza mwaka 2002. Sijui maji ya Ukerewe yana nini.)

Kwa hiyo siku unayotuma fungu la kwanza, fungua daftari la riwaya ya pili. Isiwe mwendelezo wa ile ya kwanza, maana ile ikikataliwa mwendelezo wake unabaki yatima. Nusu saa kwa siku inatosha. Nilipoanza ya pili niligundua kwamba wahusika wapya walikuwa wanakaa kichwani pale walipokuwa wamekaa mawakala.

10. Wakikuita

Hatua hii naiandika kwa kusimuliwa na mwenzangu aliyeifikia. Wakala akitaka mazungumzo ya simu au ya video, tafuta mahali penye umeme na mtandao wa uhakika, beba kaunta buku, uliza maswali yako: ameipenda nini, anataka kubadilisha nini, ataipeleka kwa wachapishaji gani, asilimia ngapi, na mkataba unavunjwaje mkishindwana. Usiseme ndiyo hapohapo. Omba wiki mbili. Siku hiyohiyo waandikie mawakala wengine wote ambao bado wana barua au muswada wako kwamba umepata anayekutaka, uwape tarehe ya mwisho. Mwenzangu anasema walioshikilia kimya miezi mitano walijibu ndani ya siku mbili. Mkataba mpe mwanasheria ausome, si binamu anayejua Kiingereza.

Mimi nina barua sita nje na muswada mzima mmoja London. Tarehe yake kwenye safu ya nne ni mwezi ujao. Jana jioni mzee alikuwa amepandisha mitumbwi, anashona nyavu. Nilikaa nikamshikia ncha ya kamba.

"Wazungu wako wamejibu?" akauliza.

Nikamwambia leo ni Jumapili kwao pia.

"Aa," akasema, akaendelea kushona.